Riwaya za Hofu na Taharuki: Uteuzi wa Msimu wa Baridi kwa Msomaji wa Kibera na Kawangware

Katika nchi za Ulaya na Marekani umekuwapo kwa muda mrefu mtindo wa kupendekeza, kila ifikapo miezi ya Septemba na Oktoba, vitabu vya kutisha vinavyofaa kusomwa wakati majani yanapopukutika na usiku unapozidi kurefuka. Mtindo huo ukihamishiwa Nairobi kama ulivyo, hukwama penye neno la kwanza. Baadhi ya wafasiri huyaita majira hayo vuli, ilhali kwa Mswahili wa pwani vuli ni mvua fupi za mwisho wa mwaka, mvua za kupandia, na hakuna jani linalopukutika kwa ajili yake. Aidha, katika mji uliokaribiana na ikweta kama Nairobi usiku haurefuki: Januari na Julai giza huingia karibu saa ile ile. Kinachobadilika ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti mji huu, uliojengwa kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hufunikwa na wingu la kijivu siku nzima, na watu huwahi kufunga milango. Huo ndio msimu wa kusoma vitabu vya hofu, kama msimu kama huo upo, na likizo ya shule ya mwezi wa Agosti huangukia humo humo.

Suala la ni vitabu gani vipendekezwe si dogo kama linavyoonekana. Msomaji wa Kiswahili wa Kibera na Kawangware kwa kawaida hukutana na riwaya kwa njia moja tu, nayo ni kitabu cha kutahiniwa. Kitabu hicho husomwa kwa dhamira, wahusika na tamathali za usemi, mtihani ukiisha kinauzwa au kinapewa mdogo wake, na kwa wengi usomaji wa riwaya unakoma hapo. Riwaya ya taharuki ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kuvunja desturi hiyo, kwa sababu ndiyo riwaya pekee ambayo mtu huisoma bila ya kulazimishwa. Hata hivyo idara za lugha zimeiweka kando kwa kuipa jina la riwaya pendwa, kana kwamba kupendwa ni kasoro. Wapo pia wanaodai kwamba kumpa kitabu cha hofu mtu anayeishi palipo na hofu ya kutosha ni anasa ya kishenzi, na kwamba mtu huyo anahitaji vitabu vya maendeleo na matumaini. Dai hili lina uungwana ndani yake, lakini halijajiuliza hofu iliyomo kitabuni inafanya kazi gani.

Yafaa kwanza mahali penyewe pafahamike. Jina la Kibera limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu au kichaka; wenyeji wa kwanza wa makazi hayo walikuwa askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles na jamaa zao, ambao lugha yao ni krioli iliyotokana na Kiarabu. Msitu katika ngano za Kiswahili na za Kibantu kwa jumla ndiko nyumbani kwa zimwi. Msitu wa Kibera umekwisha kukatwa siku nyingi, na mahali pake pana Makina, Lindi, Laini Saba, Gatwekera, Kisumu Ndogo na vijiji vingine vilivyobanana. Kawangware, upande wa Dagoretti, ina historia nyingine, ya mashamba ya Wakikuyu yaliyogeuka ploti za vyumba vya kupangisha. Pote pawili nyumba iliyo ya kawaida ni chumba kimoja, na ukuta unaotenganisha chumba na chumba ni wa udongo au wa mabati. Kinachosomwa kwa sauti upande huu husikika upande wa pili. Mhakiki anayepima taharuki kwa kipimo cha msomaji mpweke, aliyeketi kitini peke yake chini ya taa, hana budi kukumbuka kwamba kitabu kinachosomwa kwa sauti ndani ya chumba kama hicho kina wasikilizaji ambao mwandishi hakuwahesabu.

Kadhalika fasihi ya hofu haikuanza na vitabu katika mji huu. Tangu miaka ya 1920 na kuendelea, Nairobi ilivuma habari za wazimamoto, au mumiani kama walivyoitwa pwani: watu wa idara ya kuzima moto waliosemekana kuwakamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi na historia ya wakati wa ukoloni, amezichukulia habari hizo kuwa ni ushahidi wa namna watu walivyoifikiria kazi, mishahara na dola iliyokuwa juu yao. Kwa mhakiki wa fasihi lililo muhimu ni umbo la masimulizi hayo. Mumiani hana mwisho. Hakamatwi, hafunuliwi, wala hakuna anayejua damu inakopelekwa. Msikilizaji huondoka na hofu yake nzima, naye huipeleka kwa mwingine.

Riwaya ya kwanza inayostahili kupendekezwa ilikuja kulipinga umbo hilo waziwazi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja ilishinda shindano la uandishi lililoandaliwa na East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, ikachapishwa na shirika hilo mwaka 1960. Makao makuu ya shirika yalikuwa Nairobi, kwa hiyo kitabu hiki kinachohesabiwa kuwa cha Kizanzibari kilipita mikononi mwa wahariri wa mji huu huu. Mwandishi anaiweka maiti penye mzimu, yaani mahali pa matambiko panapoogopwa na watu wote, kisha anamleta Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, kuuliza maswali ambayo woga uliwazuia wengine kuyauliza. Athari ya Arthur Conan Doyle imekwisha kutajwa na wahakiki wengi na haina haja ya kurudiwa hapa. Lisilotajwa vya kutosha ni jinsi Abdulla anavyouheshimu mzimu kabla ya kuuvua nguo. Sura za mwanzo haziwacheki wanaoogopa. Giza, miti na ukimya wa mahali pale vimeandikwa na mtu aliyewahi kukiogopa anachokieleza, na kwa sababu hiyo Bwana Msa anapoifikisha siri kwa watu wenye damu na tamaa, ushindi wake ni ushindi wa kweli. Kisima cha Giningi (1968) kinafuata njia hiyo hiyo kwa ufundi ulioongezeka, kikitumia sifa mbaya ya Giningi katika imani za visiwani.

Pamoja na hayo, kuna kasoro ambayo msomaji wa Kawangware ataiona upesi kuliko mwalimu wake. Ulimwengu wa Bwana Msa ni wa watu wenye nyumba, mashamba na urithi, na uhalifu ndani yake ni aibu ya familia. Siri ikifichuka, mpangilio wa jamii unabaki kama ulivyokuwa. Hofu imeondolewa kwa kuambiwa kwamba mzimu haupo. Hakuna aliyeuliza kwa nini shamba ni la huyu na si la yule. Zaidi ya hayo Kiswahili cha Abdulla, kilichojaa misemo ya Unguja mjini, si chepesi kwa kijana wa Nairobi. Lakini ugumu huo si sababu ya kukiacha kitabu. Maneno yasiyofahamika vyema husaidia kitabu cha siri, na mwalimu anayesimama kila mstari kulifafanua neno huiua taharuki ambayo mwandishi ameijenga kwa kurasa nyingi.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotolewa mwaka 1965 na shirika lile lile, imepata bahati ya ajabu ambayo mwandishi wake hakuweza kuitazamia. Ilipotoka, simu ilikuwa chombo cha ofisi na cha nyumba chache za wenye vyeo, na msomaji wa kawaida aliisoma hofu ya watu wengine. Inspekta Wingo na Dar es Salaam yake walikuwa mbali. Leo simu imo katika kila mfuko wa Kibera. Ndiyo benki, tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007. Ndiyo njia ya walaghai wanaojifanya jamaa au maofisa. Na ikilia saa nane za usiku hakuna asiyedhani kwamba kuna msiba nyumbani mashambani. Wazo la msingi la riwaya hiyo, kwamba sauti isiyo na uso inaweza kuingia chumbani ikamtoa mtu nje, limekuwa halisi zaidi baada ya nusu karne kuliko lilivyokuwa siku lilipobuniwa. Ujenzi wa wahusika wake ni hafifu, hilo halibishaniwi. Ila kwa msomaji aliyekwisha kuliacha darasa hiki ndicho kitabu cha kuanzia, kwa kuwa ni kifupi na kinakwenda mbio.

Kuhusu riwaya za kijasusi zilizotoka Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 yatosha kusema machache. Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba inampeleka Willy Gamba mpaka Nairobi kufuatia njama dhidi ya harakati za ukombozi, na kwa hiyo ingetarajiwa kuwa karibu zaidi na msomaji anayezungumziwa. Haikuwa hivyo. Nairobi ya Gamba ni ya mahoteli, magari na wanawake warembo wanaoingia na kutoka bila ya nafsi zao kujulikana. Mbio ni nyingi, na mbio huleta msisimko, lakini shujaa asiyeweza kufa hamwogopeshi mtu. Anayetaka burudani ya jioni moja ataipata humo.

Kundi lililo tofauti kabisa ni la riwaya ambazo wafu au nguvu zisizoonekana haziji kukanushwa na mpelelezi. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ni fupi, na ukimya unaotanda katika kurasa za mwanzo za Nagona unatisha kuliko damu yote iliyomwagwa na majasusi. Lakini hazifai kupewa msomaji asiye na msaada. Fumbo lake ni la kifalsafa, na hofu inayeyuka pale msomaji anapoanza kujiona mjinga. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, inaanza vizuri sana: Dzombo aliyehukumiwa kufa anatiwa ndani ya chombo kinachompeleka asikokujua. Sehemu hiyo ya mwanzo ni miongoni mwa kurasa zenye taharuki kubwa katika fasihi ya Kiswahili ya Kenya. Baadaye chombo kinafika, na pamoja na kufika inaingia hotuba ya jamii bora, nayo taharuki inapungua hadi ikapotea.

Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed inasimama juu zaidi. Hapa mfu anatoka kaburini kwa shughuli maalumu. Mjukuu wake, K, ni mkubwa mwenye cheo na starehe zake, na babu anamchukua usiku kumtembeza apaone pale ambapo starehe hizo zimechumwa. Mwandishi ameugeuza mzimu uliokuwa kwa Abdulla kisingizio cha wahalifu akaufanya shahidi wa mashtaka. Anayepaswa kuogopa si mwanakijiji anayepita penye miti mikubwa, ni mkubwa aliyelala kitandani kwake. Mabadiliko haya ya mwelekeo wa hofu ndiyo yanayojibu dai lililotajwa hapo juu la wale wanaowahurumia wasomaji maskini. Katika maisha ya kila siku hofu ya mtu wa Kibera ni kama ile ya mumiani: inamfikia bila ya kuwa na mwenyewe, na inapita kutoka mlango hadi mlango. Riwaya nzuri ya hofu humtafutia hofu hiyo mwenyewe, na kumpa mtu mahali pa kuielekeza.

Kwa kipimo hicho, kitabu kinachotangulia vyote katika uteuzi huu ni kile ambacho hakijapata kuhesabiwa miongoni mwa vitabu vya kutisha, nacho ni Shetani Msalabani cha Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Ngũgĩ alikiandika kwa Kigĩkũyũ juu ya karatasi za msalani alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Kilichapishwa kwa lugha hiyo mwaka 1980, na tafsiri ya Kiswahili ikatoka mwaka 1982. Wahakiki wamekisoma kama tashtiti ya ubepari wa kikoloni mamboleo, na kusoma hivyo ni sawa. Lakini sura za mwanzo zisomwe upya kwa jicho la mtu anayepanga chumba. Wariinga amekwisha kupoteza kazi kwa kumkataa mwajiri wake, na mpenzi wake amemwacha. Anarudi chumbani kwake, Ofafa Jericho, akamkuta mwenye nyumba ameamua kumfukuza kwa kukataa kodi iliyopandishwa. Majitu matatu yanatupa vyombo vyake nje. Analoachiwa ni kipande cha karatasi chenye kitisho, kilichotiwa jina la watu wanaojiita malaika wa Shetani, wafanyabiashara wa kujitegemea.

Hakuna jini mwenye kwato anayeweza kulishinda tukio hili mbele ya msomaji wa Kibera. Mwishoni mwa mwaka 2001 mgogoro wa kodi baina ya wenye nyumba na wapangaji uligeuka mapigano ya kumwaga damu katika makazi hayo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu walihamishwa vyumbani mwao kwa mioto na mapanga, na Kawangware ikaonja mambo ya namna hiyo tena Oktoba 2017. Tarehe 23 Julai 2018, katikati ya msimu huu huu wa baridi, tingatinga ziliingia Kibera alfajiri kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki nje na magodoro yao. Shetani wa Ngũgĩ hakuhitaji pembe ili atambulikane. Hata ile ndoto inayomrudia Wariinga, ya Shetani kusulubiwa na watu wenye matambara kisha kuteremshwa msalabani na watu waliovaa suti, inatisha kwa sababu ya sehemu yake ya pili. Msomaji anangoja ateremshwe, na anajua atateremshwa.

Haimaanishi kwamba kitabu hiki hakina dosari. Karamu ya wezi na wanyang'anyi huko Ilmorog ni ndefu mno. Kila mwizi anasimama kujisifu kwa utaratibu ule ule, na baada ya hotuba ya tatu taharuki iliyojengwa barabarani, ndani ya matatu ya Mwaura, imelegea kabisa. Mwenye kukisoma kwa sauti afadhali aruke baadhi ya hotuba hizo. Yafaa pia ikumbukwe kwamba hii ni tafsiri, na pumzi ya gĩcaandĩ, ushairi wa majibizano unaoibeba simulizi katika Kigĩkũyũ, haikupita yote katika Kiswahili. Kawangware, ambako wengi hukifahamu Kigĩkũyũ, ndiko mahali ambapo matini mawili haya yangeweza kusomwa sambamba, ukurasa kwa ukurasa, na wanafunzi wa isimu wakajifunza jambo la maana kuhusu tafsiri ya hofu.

Limebaki suala la lugha ya mahali penyewe. Katika vitabu vyote vilivyotajwa hapa hakuna hata kimoja ambacho hofu yake inasemwa kwa Kiswahili kinachosikika Makina au Gatina, ambako Kiswahili, Kinubi, Kiluhya, Kijaluo, Kikamba na Sheng hukutana katika sentensi moja. Abdulla alikuwa na Unguja yake, Katalambulla Dar es Salaam yake. Zipo hadithi za usiku zinazosimuliwa katika ploti za Kawangware, za abiria aliyepanda matatu ya mwisho na ambaye hakuna aliyemwona akishuka, zinazotumia kubadili lugha kama chombo cha taharuki: msimulizi hueleza kwa Kiswahili, lakini asiyeonekana husema kwa lugha ya mama ya yule anayeitwa. Mbinu hiyo haijaingia katika riwaya hizi, na wahariri wanaosahihisha kila neno la Sheng hawajaisaidia kuingia. Ukusanyaji wa masimulizi hayo unaweza kuanza na kinasa sauti kimoja na wanafunzi wachache wanaokaa huko huko.

Kwa msimu ujao basi, anayeanza apewe Simu ya Kifo, kisha Mzimu wa Watu wa Kale, halafu Babu Alipofufuka. Shetani Msalabani kisomwe kwa sauti, chumbani, kwa usiku kadhaa mfululizo. Nagona ingoje mpaka apatikane mtu wa kuisoma pamoja naye. Tatizo lililopo ni upatikanaji. Maktaba ya umma ya Kibera haiwezi kutosheleza nakala kwa wakazi wote, na riwaya isiyo katika orodha ya mitihani haichapwi tena kwa urahisi. Nakala za zamani hutafutwa kwa wauzaji wa vitabu vilivyokwisha kutumika, wanaovitandaza chini kando ya njia, mara nyingi vikiwa vimepungukiwa na kurasa za mwisho. Kwa Bwana Msa hasara hiyo ni kubwa.